Albert Cook: Daktari aliyejifunza maneno ya wagonjwa wake

Wasikilizaji wanaotutumia ujumbe baada ya kipindi cha afya hulalamikia mambo mengi: foleni, dawa kukosekana dirishani, gharama za vipimo. Lakini kuna lalamiko moja linalojirudia kutoka Manyoni hadi Mkalama, nalo halihusu fedha. Mtu anasema alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, zamu yake ikafika, akaingia kwa daktari, na kabla hajamaliza kueleza kinachomsumbua, karatasi ya maabara ilikuwa imeshaandikwa. Mwingine anasema daktari hakuinua macho kumtazama. Na bibi zetu wa vijijini, ambao wanajieleza vizuri zaidi kwa Kinyaturu, Kinyiramba au Kitaturu kuliko kwa Kiswahili, wanasema aliyeongea ni mjukuu aliyewasindikiza. Wao hawakuulizwa kitu.

Suala hili lina historia ndefu Afrika Mashariki, na mmoja wa watu wanaotusaidia kulielewa ni Sir Albert Ruskin Cook, daktari Mwingereza aliyeanzisha Hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897 na kuishi Uganda mpaka alipofariki mwaka 1951. Waganda wanamfahamu vizuri. Hapa kwetu jina lake halisikiki sana, ingawa nasi tuna hospitali zilizozaliwa kwa namna hiyohiyo: wazee wa Iramba wanajua Kiomboi ilivyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri, na watu wa Makiungu wanawajua masista wa Kikatoliki waliowahudumia. Tumemchagua Cook kwa sababu maisha yake yanaonyesha pande mbili. Yanaonyesha nini hutokea daktari anaposikiliza, na pia nini hutokea daktari huyohuyo anapodhani tayari ana jibu.

Kutoka London hadi Mengo kwa miguu

Cook alizaliwa Machi 22, 1870, Hampstead, London. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akafanya mafunzo ya udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew's, moja ya hospitali kongwe za London. Akiwa kijana aliamua kuwa daktari mmisionari, akajiunga na chama cha kimisheni cha Kanisa la Anglikana, CMS.

Mwaka 1896 aliondoka Uingereza pamoja na wenzake. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa, hivyo msafara ulikwenda kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,000, na wapagazi waliobeba mizigo kichwani. Lugha ya misafara ya namna hiyo ilikuwa Kiswahili. Katika kundi hilo alikuwamo muuguzi aitwaye Katharine Timpson, ambaye mwaka 1900 alikuja kuwa mke wake. Tutarudi kwake, maana bila yeye habari hii haijakamilika.

Walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, Februari 1897, na ndani ya siku chache Cook akaanza kuona wagonjwa. Majengo ya mwanzo yalikuwa ya kawaida sana, ya udongo na matete. Hospitali kubwa zaidi iliyojengwa mwaka 1900 ilipigwa na radi Novemba 1902 ikaungua moto. Wakaanza upya, safari hii kwa matofali, na mwaka 1904 jengo jipya likafunguliwa. Kaka wa damu moja, Jack Cook, naye daktari mpasuaji, alikuwa ameshafika mwaka 1899 kumsaidia.

Mwaka huo wa kwanza haukuwa wa amani. Julai 1897 Kabaka Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza. Miezi michache baadaye askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la kikoloni nao wakaasi, vita vikapiganwa Busoga, na Cook akaenda huko kutibu majeruhi. Desemba mwaka huo rafiki yake George Pilkington, aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda, aliuawa katika mapigano hayo. Pilkington alikuwa bingwa wa lugha, na Cook alikuwa ameanza kuelewa kwamba lugha ingekuwa chombo chake cha kwanza cha kazi, kabla ya kisu na kabla ya kwinini.

Maneno ya ugonjwa

Sisi watu wa redio tunalijua jambo moja linalohusu mahojiano. Ukimuuliza mtu swali la ndiyo au hapana, utapata ndiyo au hapana. Ukimwachia nafasi, atakwambia kile ambacho hukujua hata kukiuliza. Chumba cha daktari hakina tofauti kubwa na studio katika hilo, ila makosa ya studio hayaui mtu.

Daktari aliyetoka London mwaka 1897 alikutana na watu waliokuwa na majina yao ya magonjwa, waganga wao, na namna yao ya kueleza maumivu. Angeweza kutegemea mkalimani siku zote, na wengi wa wenzake katika makoloni walifanya hivyo. Lakini mkalimani hufupisha. Mgonjwa anaeleza kwa dakika tano jinsi maumivu yalivyoanza msibani, yakapotea, yakarudi baada ya mavuno. Mkalimani anageuka kwa daktari na kusema tumbo linamuuma. Yote yaliyo katikati yamepotea, na mara nyingi ugonjwa wenyewe umejificha humo.

Cook alijifunza Kiganda mpaka akaweza kumhoji mgonjwa mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi katika miaka yake ya mwanzo: aliandika kitabu cha msamiati wa kitabibu na sentensi za kuzungumza na mgonjwa kwa Kiganda. Humo kuna maneno ya mwili, ya magonjwa, na namna ya kuuliza. Kitabu kilichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kikatumiwa na madaktari na wauguzi waliomfuata, ili mgeni aliyeshuka Mombasa asianze na ububu.

Msomaji anayedhani hilo ni jambo dogo afikirie Kiswahili chetu wenyewe. Mtu akifika zahanati na kusema ana mshipa, anamaanisha nini? Anaweza kuwa na henia, anaweza kuwa na busha, anaweza kuwa na maumivu ya chini ya tumbo ambayo anaona aibu kuyataja kwa jina. Mama akisema ana chango, inaweza kuwa maumivu ya hedhi, inaweza kuwa mimba zinaharibika. Mwanamume akilalamikia mgongo kwa sauti ya chini huku akitazama mlango, mara nyingine shida si mgongo. Tabibu aliyekulia hapa anaelewa, mradi awe na dakika mbili za kuuliza swali la pili. Asiyekulia hapa, au aliye na wagonjwa 60 nje ya mlango, ataandika maumivu ya mgongo na kutoa dawa ya maumivu.

Na hapo hatujagusa suala la mkwe. Katika jamii nyingi za mkoa huu kuna mambo ambayo mama mkwe hawezi kuyasema mbele ya mkwe wake, hata akiwa anakufa. Sasa anayempeleka hospitali na kumtafsiria ni nani? Mara nyingi ni mkwe huyohuyo.

Daftari la Mengo

Jambo la pili lililomtofautisha Cook ni uandishi. Tangu mwaka ule wa 1897 Mengo iliweka kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa: jina, anakotoka, anaumwa nini, amefanyiwa nini, amepona au amefariki. Kumbukumbu hizo ziliandikwa kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, na zikajalidiwa zikawa vitabu.

Hapa nataka msomaji aelewe tofauti. Zahanati zetu zina rejista za MTUHA, na vituo vingi sasa vina kompyuta. Rejista ile ina kazi yake muhimu: inahesabu. Inamwambia mganga mkuu wa wilaya ni watoto wangapi wameharisha mwezi huu, ili dawa ziagizwe. Lakini mstari mmoja wa rejista hauwezi kubeba habari ya mtu. Faili la mgonjwa ndilo linaloweza, kama kuna aliyesikiliza na kuandika. Kumbukumbu za Mengo zilifanya yote mawili, na ndiyo sababu watafiti walizirudia miongo kadhaa baadaye, kama tutakavyoona.

Nisimfanye malaika. Mengo ilikuwa hospitali ya misheni, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri walihubiriwa kabla ya kutibiwa. Mtu mwenye jipu hana uhuru mkubwa wa kuondoka katikati ya mahubiri. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya chumba cha daktari katika nchi zetu: tangu mwanzo mgonjwa alizoea kukaa kimya mbele ya mtu mwenye dawa.

Watu waliosinzia

Februari 1901 ndugu hao wawili, Albert na Jack, waliona Mengo wagonjwa ambao hali yao haikulingana na homa walizozizoea. Walikuwa wakisinzia mchana, wakidhoofika, wakipoteza akili taratibu. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota. Ulikuwa malale, na akina Cook ndio madaktari wa kwanza kuutambua Uganda.

Malale ni ugonjwa unaomfundisha daktari unyenyekevu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kueleza. Dalili za kati na za mwisho ni mabadiliko ya tabia: mtu mpole anakuwa mkali, mchapakazi anakaa tu, anasinzia na chakula mkononi. Anayeyaona hayo ni mke, ni mama, ni jirani. Daktari asiyewauliza waliomleta mgonjwa atapima homa, atatoa kwinini na kumrudisha nyumbani. Hapa Tanzania bado tuna mbung'o na bado tuna malale katika baadhi ya maeneo ya magharibi, na ushauri wa wataalamu haujabadilika sana katika hilo: waulize ndugu.

Kutambua hakukutosha kuzuia. Katika miaka michache iliyofuata, zaidi ya watu 200,000 wanakadiriwa kufa Busoga, visiwani na kando ya Ziwa Victoria. Wanasayansi walitumwa kutoka Ulaya. Aldo Castellani aliona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akathibitisha kuwa waenezaji ni mbung'o.

Kisha mwaka 1906 akaja Robert Koch, Mjerumani mashuhuri kuliko wote, yule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Aliweka kambi katika visiwa vya Ssese na kutibu wagonjwa wengi kwa dawa yenye sumu ya arseniki iliyoitwa atoxyl. Dawa ilipunguza vimelea kwenye damu. Pia iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Simleti Koch hapa ili kumlinganisha na Cook kama mbaya na mwema. Namleta kwa sababu kambi ile inaonyesha jinsi macho ya daktari yanavyoweza kuhamia kwenye hadubini moja kwa moja, mtu aliyetoa tone la damu akabaki nje ya picha. Leo hadubini imeongezewa skrini ya kompyuta.

Kaswende au buba?

Sasa tufike kwenye upande mwingine wa maisha ya Cook, ambao makala nyingi za kumsifu huupita haraka.

Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alichapisha ripoti iliyoshtua London. Alidai kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda walikuwa na kaswende, na kwamba taifa zima lilikuwa hatarini kutoweka. Lambkin alisema chanzo ni ujio wa Ukristo, kwamba umevunja sheria kali za zamani na kuwapa wanawake uhuru. Wamisionari, Cook akiwa mbele, waliipinga vikali sababu hiyo. Lakini hesabu yenyewe hawakuipinga. Cook naye aliandika akikubali kwamba kaswende imeenea mno, na yeye aliiona kama tatizo la maadili: dhambi ya zinaa imeingia nyumba hadi nyumba.

Kilichofuata kilikuwa kikubwa. Vituo vya matibabu vilianzishwa, na mwaka 1913 kimoja kikafunguliwa kwenye kilima cha Mulago, ambacho baadaye kilikua kikawa Hospitali ya Taifa ya Mulago. Watu walipimwa kwa lazima, wanawake wakiwamo, tena sehemu za siri, kwa amri ya utawala. Waganda walilalamika. Kwa mama Mganda aliyelelewa kupiga magoti akisalimia, kuamriwa kujifunua mbele ya mwanamume mgeni ilikuwa fedheha ambayo hakuna dawa ingeifidia.

Na je, walikuwa na kaswende kweli? Hapa ndipo pana uchungu. Kuna ugonjwa mwingine uitwao buba, ambao babu zetu hapa Singida waliujua vizuri. Unaleta vidonda, unaenea kwa watoto wanaogusana ngozi kwa ngozi, na hauhusiani na ngono kabisa. Kimelea cha buba na cha kaswende ni ndugu wa karibu kiasi kwamba kipimo cha damu hakiwatofautishi. Mwaka 1956 Profesa J. N. P. Davies wa Makerere aliirudia historia hiyo na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichoitwa kaswende ya zinaa huenda kilikuwa ugonjwa wa utotoni, usioambukizwa kwa ngono. Waganda walikuwa na neno lao, kabotongo, na neno hilo lilitafsiriwa moja kwa moja kuwa kaswende, pamoja na aibu yote ambayo Mwingereza wa wakati ule aliambatanisha na kaswende.

Ni nini kingetofautisha? Kwa kuwa damu haikuweza, kilichobaki ni maswali. Vidonda vilianza lini, ukiwa na umri gani? Vilitokea wapi kwanza, mguuni au kwingine? Wadogo zako nao walikuwa navyo? Mtoto wa miaka sita mwenye vidonda miguuni, ambaye kaka zake wote wanavyo, anasimulia ugonjwa tofauti na wa mwanamume aliyerudi kutoka safari ya mjini. Hayo ni maswali ya kawaida kabisa, na Cook ndiye aliyekuwa na Kiganda cha kuyauliza. Maoni yangu ni kwamba hakushindwa kwa kukosa lugha. Jibu lilikuwa limeshaingia chumbani kabla ya mgonjwa.

Namna hii ya kukosea haijafa na ukoloni. Muulize binti wa miaka 19 anayekwenda kituo cha afya kwa maumivu ya tumbo ni kitu gani huulizwa kwanza, na kwa sauti gani. Muulize mzee anayenuka gongo ambaye kweli ana nimonia.

Katharine na wakunga

Hofu ileile ya kaswende ilizaa pia kitu kizuri, na hapa ndipo Bibi Cook anaingia. Vifo vya watoto wachanga na mimba zilizoharibika vilihesabiwa kuwa matokeo ya kaswende, kwa hiyo serikali, wakuu wa Buganda na misheni walikubaliana kwamba wanahitajika wakunga. Kuanzia mwaka 1918 Mengo ikawa na shule ya kufundisha wakunga wasichana wa Kiafrika, ambayo baadaye ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati huo. Katharine ndiye aliyekuwa mhimili wake.

Yeye na mumewe waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, kiitwacho Amagezi Agokuzalisa, yaani maarifa ya kuzalisha. Waliomaliza mafunzo walipelekwa kwenye vituo vya uzazi vilivyofunguliwa mbali na Kampala.

Fikiria tofauti iliyokuja kwa mama wa kijijini. Miaka michache nyuma, mkutano wake na tiba ya kizungu ungeweza kuwa ukaguzi wa lazima na mwanamume asiyemjua. Sasa anapokelewa na msichana wa nchi yake anayemwita kwa heshima anayostahili, anayemsikiliza akielezea uchungu ulivyoanza usiku, na aliyefundishwa kwa lugha wanayozungumza wote wawili. Wakunga hao nao walikuwa na masharti magumu ya kimisheni juu yao, na wengine waliwadharau wakunga wa jadi waliowakuta. Lakini kama unauliza ni nani katika Mengo aliyebadilisha zaidi namna mgonjwa anavyopokelewa, mimi nitamtaja Katharine kabla ya mumewe. Alifariki mwaka 1938. Vitabu vimemwandika kidogo kuliko anavyostahili.

Cook mwenyewe alianza pia kufundisha wasaidizi wa kitabibu wa Kiafrika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Katika miaka ya 1920 aliunga mkono kuanzishwa kwa mafunzo ya udaktari, ambayo yalikuja kuwa Chuo cha Tiba cha Makerere. Madaktari wengi wa Tanganyika, Kenya na Uganda wa kizazi cha uhuru walisomea huko, kwa kuwa kwa miaka mingi hapakuwa na chuo kingine cha udaktari Afrika Mashariki. Mwaka 1932 alipewa cheo cha Sir. Alipostaafu hakurudi kwao. Alibaki Kampala, akaandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa huko mwaka 1945.

Kilichobaki kwenye makaratasi

Albert Cook alifariki Kampala Aprili 23, 1951, akiwa na umri wa miaka 81, na akazikwa Namirembe, kilima kilekile ilipo hospitali yake na kanisa kuu la Anglikana. Maktaba ya Chuo cha Tiba cha Makerere, pale Mulago, inaitwa kwa jina lake.

Lakini wagonjwa wake waliendelea kuzungumza baada yake. Katika miaka ya 1950 madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba saratani ni nadra kwa Waafrika, au kwamba ni ugonjwa mpya ulioletwa na maisha ya kisasa. Davies, yuleyule aliyeirudia historia ya kaswende, pamoja na wenzake waliyafungua majalada ya Mengo na kuyapitia ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mwaka 1897 hadi 1956. Mwaka 1964 walichapisha matokeo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Saratani zilikuwapo tangu mwanzo, na aina zake zilifanana sana na zile zilizokuwa zikionekana hospitalini miaka 60 baadaye.

Kulikuwa na jambo jingine ndani ya majalada yale. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alikuwa ameandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, uvimbe unaokua kwa kasi ya kutisha, ambao leo duniani kote unaitwa kwa jina lake. Hapa Tanzania nako unajulikana, na ukiwahiwa unatibika. Wengi walidhani ni ugonjwa mpya. Katika kumbukumbu za Cook walikutwa watoto wenye uvimbe huohuo wa taya, miaka mingi kabla Burkitt hajafika Uganda. Cook hakujua ni ugonjwa gani, wala hakuwa na dawa yake. Aliandika alichokiona na alichoambiwa, akageuza ukurasa, akamwita mgonjwa mwingine.